Nilivyokwenda Durban kujifunza kuteleza mawimbini kwa pesa ya korosho

Pesa ya korosho ina tabia yake. Minada inaanza Oktoba, chama cha msingi kinapeleka mzigo ghalani, mkulima anakaa anasubiri meseji ya benki. Ikiingia inaingia yote kwa mpigo, na kufika Januari wengi wetu hatujui imepitia wapi. Mimi nina mikorosho michache ya urithi upande wa Nanyamba na kibanda cha kutengeneza simu hapa Mtwara mjini. Msimu ule niliamua sehemu ya pesa hiyo iende kwenye jambo ambalo wenzangu wote waliliona wazimu: kusafiri nje kujifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao, sefingi wanavyoiita wenyewe.

Mama ndiye aliyeuliza swali la maana. "Mwanangu, bahari yote hii, kuanzia Mikindani mpaka Msimbati, unakwenda kulipia ya wenzio?"

Jibu lake liko kwenye mwamba. Ghuba yetu imejikunja na maji yake yametulia, ndiyo maana bandari ikawekwa hapa. Wimbi kubwa la kusi linavunjikia mbali, juu ya matumbawe, na maji yakipwa mwamba ule unachana mguu hata wa mvuvi mzoefu. Anayeanza anahitaji mchanga chini yake, maana kazi yake kubwa ni kuanguka. Hilo ndilo lililoongoza mipango yangu yote: nilitafuta kwanza wimbi la kiwango changu, halafu ndipo nikauliza nauli. Naona wengi wanafanya kinyume. Wanaona tangazo la tiketi rahisi au jina kubwa, wanafika, wanakuta wimbi si la kwao, wanabaki ufukweni kupiga picha.

Ukitazama ramani, Msumbiji ndiyo ya kwanza. Ni ng'ambo ya Ruvuma tu, na Tofo, karibu na Inhambane, inasifika kwa mawimbi yake. Lakini Inhambane iko mbali kusini, na kuifuata kwa barabara kutoka kwetu ni kukatisha Cabo Delgado, kwenye mapigano yaliyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017. Mwaka 2020 moto huo uliruka mto ukaingia Kitaya, huku kwetu. Sikuhitaji kushauriwa na mtu. Kwenda kwa ndege kupitia Maputo nako kulikuwa kunameza bajeti yote kabla sijagusa maji.

Afrika Kusini ikabaki, na Mtanzania haombi viza kwa matembezi mafupi kule. Jeffreys Bay niliifuta siku ileile. Ni wimbi refu, la kasi, la mabingwa wa dunia, mimi ningekwenda kuwa mtazamaji. Muizenberg, karibu na Cape Town, inafaa kabisa wanaoanza, mawimbi yake ni ya taratibu na yanasafiri mbali. Tatizo maji ni baridi, kwa hiyo unakodi ubao na suti ya mpira juu yake, halafu kutoka Johannesburg kuna safari nyingine ndefu ya basi.

Durban ilishinda kwa hesabu. Bahari ni hii hii yetu ya Hindi. Kuna mkondo mkubwa wa maji ya ikweta unaotoka mashariki, unagonga pwani ya Afrika jirani na rasi ya Cabo Delgado, unagawanyika: mwingine unapanda kwetu kuelekea kaskazini, mwingine unashuka upande wa Msumbiji, na joto lake linafika hadi Durban. Kwa hiyo kaptura na fulana ya kubana zinatosha. Papa wapo, lakini ufukwe wa mjini una nyavu za kuwanasa tangu 1952, na waokoaji wanakaa zamu. Chini ya ufukwe wa South Beach na Addington ni mchanga.

Mwezi nao ni pesa. Juni na Julai kule ni baridi, mawimbi yanakua, na dagaa wakipita kwa wingi nyavu za papa hutolewa, watu wanazuiwa kuoga. Desemba ni likizo, kila kitu kinapanda bei, na Beitbridge, mpaka wa Zimbabwe na Afrika Kusini, unajaa watu wanaorudi makwao. Pasaka hali ni hiyo hiyo. Nikachagua Machi. Pesa ya korosho ilikuwa imeshaingia, na kibandani kazi huwa chache wakati wa mvua.

Pasipoti ilikuwa gharama ya kwanza, shilingi 150,000 za pasipoti ya kielektroniki. Nilijaza fomu mtandaoni kisha nikaenda uhamiaji kwa alama za vidole. Nikachanja homa ya manjano ili nisibishane na mtu mpakani. Halafu nikafanya jambo ambalo namshauri kila mtu mwenye pesa ya kuunga: nauli ya kurudi niliitoa kwanza, yote, nikaiweka kwenye akaunti ambayo kadi yake niliiacha nyumbani kwa dada. Kilichobaki ndicho kilichoitwa bajeti.

Kabla ya kuondoka nilitumia miezi ya kaskazi kujiandaa bure. Maji yakijaa Shangani nilikuwa naogelea sambamba na ufukwe mpaka mabega yanawaka moto, kwa sababu sefingi ni kupiga makasia kwa mikono muda mwingi na kusimama kidogo sana. Usiku natandika mkeka sebuleni, nalala kifudifudi, viganja chini ya kifua, nasukuma na kuleta miguu yote miwili kwa mkupuo mmoja, wa kushoto mbele, magoti yamekunjwa, macho mbele. Mpwa wangu alikuwa mwamuzi. Nikigusa goti chini anapiga filimbi: "Mjomba, rudia!" Kila goti lililokatazwa kwenye ule mkeka ni pesa ya mwalimu niliyoiokoa.

Safari yenyewe sitaieleza sana, ni mabasi. Mtwara hadi Dar, kisha Tunduma, Lusaka, Harare, Beitbridge, Johannesburg. Niliweka akiba ya muda kabla ya basi la Dar, maana kila aliyepita Somanga baada ya kimbunga Hidaya, Mei 2024, anajua mvua ikiamua barabara hiyo inakatika. Tunduma vijana wa kubadilisha fedha wanakuzunguka kabla hujashuka. Nilibadilisha za chakula tu, rand, pesa ya Afrika Kusini, nikazitoa kwenye mashine Johannesburg. Afisa wa Beitbridge aliuliza nakwenda wapi na nitalala wapi. Nilimwonyesha karatasi ya hosteli iliyochapishwa, si picha kwenye simu, akagonga muhuri. Toka Johannesburg hadi Durban ni kama kilomita 570, sawa na Mtwara–Dar, na baada ya yote niliyokaa kwenye kiti ilionekana kama kwenda Lindi kusalimia.

Hosteli nililala chumba cha vitanda vingi, chenye jiko la pamoja. Unga wa mahindi upo kila duka, kwa hiyo ugali ulinifuata. Chakula nilichonunua kwa raha ni kile cha Wahindi wa Durban, bunny chow: mkate unakatwa, unatolewa kiini, unajazwa mchuzi wa maharage au nyama, kile kiini unachovyea. Omba robo. Nusu ni ya watu wawili, hata kama una njaa ya baharini.

Ubao sikununua wala kubeba. Mafunzo nayo nililipia ya mwanzo tu, ya kikundi, baada ya hapo nikawa nakodi ubao peke yake. Mwalimu alinipa mrefu, wa juu laini kama godoro, nikaona wenye mbao fupi wananitazama kwa huruma. Waache. Ubao mrefu unaelea, unashika wimbi dogo, na hata ukikupiga kichwani, wewe kesho yake unarudi majini.

Alichonifundisha kikubwa kilikuwa kusoma maji kabla ya kuingia. Tulisimama mchangani akanionyesha sehemu ambayo mawimbi hayavunjiki, maji yametulia, yana rangi ya mchanga. Mgeni anadhani hapo ndipo salama. Kumbe ndipo maji yote yaliyoletwa na mawimbi yanapotokea kurudi baharini, na yanakuvuta nayo. Ukinaswa usishindane nayo kuelekea pwani. Shika ubao wako, ogelea kwa pembeni mpaka utoke kwenye ule mfereji. Bendera nazo zina mipaka: katikati yake ni waogaji, mwenye ubao anakaa nje.

Tukaanzia maji ya kiunoni, kwenye povu la wimbi lililokwisha kuvunjika. Unageuza ubao uelekee pwani, unalala, povu linakuja na mngurumo, linainua mkia wa ubao, na hapo unatakiwa kupiga mikono mara chache za nguvu halafu kusimama. Mkeka wa sebuleni haukuwahi kutikisika namna ile. Nilimezeshwa chumvi ya kutosha kukaushia samaki. Lakini magoti hayakugusa, na siku moja alfajiri, kabla upepo haujaamka, nilisimama na kufikishwa mpaka mchangani, nikashuka kwenye ubao kama mtu anayeshuka kwenye daladala. Mwalimu akapiga makofi mawili, akageukia mwanafunzi mwingine.

Alfajiri pia ni bei. Waliokodi mchana, upepo ukishapanda, walilipa sawa na mimi wakapata maji yaliyovurugika. Nilikuwa naingia mapema, natoka kabla jua halijachoma, napika, nalala. Jioni sikutembea ovyo mjini; wenyeji walinionya kuhusu simu, na mtu wa kibanda cha simu anajua thamani yake.

Wimbi la kijani, lile ambalo halijavunjika, bado sijalishika ipasavyo. Litahitaji msimu mwingine, na nimeshapalilia mikorosho.