Ngoma inayojibu: ipime jioni, si mchana

Kazi yenyewe ni hii: mgeni anapiga ngoma, taa zinawaka kulingana na nguvu ya pigo, kisha spika inatoa sauti ya mzee akisimulia habari za Bagamoyo. Vifaa ni vichache. Lakini ngoma iliyoitika vizuri darasani mchana huweza kunyamaza jioni ya maonyesho, na mwanafunzi akakesha akitafuta kosa kwenye programu wakati kosa liko kwenye ngozi.

Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu. Saa nane mchana imekauka, imekaza. Jua likishazama, hewa ya bahari inailegeza na pigo lile lile linafika kwenye kihisi likiwa dhaifu. Wapigaji wanalijua hilo, ndiyo maana huipasha ngoma moto kabla ya kucheza. Nawe ipashe, ila toa kwanza kihisi na waya, maana gundi huyeyuka.

Kihisi ni kisahani cha piezo cha milimita 27, kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme. Usikibandike katikati ya ngozi: kinaua mlio na waya zake hukatika haraka. Kibandike ndani, kwenye mbao, sentimita 3 hivi chini ya ukingo. Kwa kuwa mbao husikia pia vishindo vya sakafu, weka vipande vya tairi chini ya ngoma. Bila hivyo mtu akipita tu taa zinawaka.

Piezo ikigongwa kwa nguvu hutoa volti nyingi kuliko 5 ambazo Arduino Uno, ubao mdogo wa kompyuta unaoendesha programu yako, inazivumilia. Unganisha rizista ya megaomu 1 sambamba nayo, na dayodi ya zena ya volti 5.1, inayozuia volti zisipande mno, kati ya A0 (pini ya Uno inayopokea umeme wa kihisi) na graundi, mstari uliochorwa kwenye dayodi ukielekea A0. Ukisahau rizista, chaji haipati pa kutokea na namba zinaelea ovyo.

Uno husoma volti hizo kama namba, kuanzia 0 hadi 1023. Usiandike kizingiti (namba ambayo ikivukwa huhesabiwa pigo) cha kudumu, mathalani 100, kwa sababu cha mchana hakifai usiku. Iache programu ipime ukimya kwa sekunde 3 kila inapowashwa, ichukue namba kubwa iliyoiona, iongeze 30. Weka na kitufe cha kupima upya. Namba ikivuka kizingiti, endelea kusoma kwa milisekunde 10 na uchukue kilele. Ukichukua namba ya kwanza, pigo zito na jepesi yatafanana. Kisha puuza kila kitu kwa milisekunde 80, la sivyo pigo moja litahesabiwa matatu.

Taa za utepe za WS2812B hula hadi miliampea 60 kila moja zikiwa nyeupe kabisa. Taa 30 ni ampea 1.8, kwa hiyo zipe chaja yake ya volti 5, ampea 3, na uunganishe graundi zote pamoja. Dalili ya umeme mdogo ni Uno kujizima na kuanza upya kila taa zinapong'aa.

Sauti huchezwa na DFPlayer Mini, kifaa kidogo cha kucheza faili za sauti: memori kadi isiyozidi GB 32, yenye mfumo wa FAT32, na rizista ya kiloomu 1 kwenye waya wa RX, unaopokea amri za Uno, kupunguza mkwaruzo. Kifaa hiki huchelewa kidogo kuanza, hivyo usikitume kuiga mlio wa ngoma. Ngoma imeshasema yenyewe! Taa ijibu papo hapo, sauti ya mzee ifuate. Na mzee huyo aombwe ruhusa, aelezwe sauti yake itasikika wapi.

Chumvi ya pwani hula viungio vya waya vilivyolehemiwa kwa risasi. Vikishapoa, visafishe, uvipake rangi ya kucha isiyo na rangi mara mbili. Siku ya maonyesho fika kabla ya magharibi, subiri giza liingie, ndipo ubonyeze kile kitufe cha kupima.