Bitiruti za bustanini: mzizi ni nusu tu ya mboga

Watu wengi wanaolima bitiruti nyumbani huku Lushoto hung'oa kiazi, wakakata majani na kuyatupia mbuzi, nami kila ninapoona hivyo husikitika, kwa sababu nusu ya mboga imepotea kabla jiko halijawashwa. Ile mboga yenye bua pana jeupe ambayo masokoni kwetu huuzwa kwa jina la spinachi ni ndugu wa damu wa bitiruti. Wataalamu wa mimea huziweka zote mbili katika spishi moja, Beta vulgaris. Tofauti yake ni kwamba moja imechaguliwa na wakulima, kizazi baada ya kizazi, kwa ajili ya majani, na nyingine kwa ajili ya mzizi. Anayejua kupika spinachi, basi, hana kipya cha kujifunza kuhusu majani ya bitiruti.

Bitiruti ni mmea wa ubaridi, na milima ya Usambara inaufaa vizuri. Mimi hupanda masika yanapoelekea kwisha, ili mizizi ijae wakati wa kipupwe, kwa kuwa inayokua kwenye joto kali hutoa nyama yenye miviringo iliyofifia rangi. Udongo uwe umetifuliwa vizuri na kuchanganywa na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi au mbolea nyingi ya naitrojeni hustawisha majani huku mzizi ukibaki mwembamba.

Kile tunachokiita mbegu ya bitiruti ni kifundo kikavu chenye mikunjo, na ndani yake kwa kawaida mna mbegu kadhaa zilizoshikamana. Ndiyo maana hata ukifukia kifundo kimoja kimoja kwa uangalifu, kwenye kina cha sentimita 2 hivi, bado miche miwili au mitatu huchomoza mahali pamoja. Ukiiacha yote, itabanana na hutapata kiazi cha maana. Miche ikifikia urefu wa kidole, bakiza mmoja kwa kila sentimita 8 hadi 10, na iliyozidi uikate kwa mkasi usawa wa ardhi badala ya kuing'oa, kwani mizizi yake imefumana na ya jirani. Vijani hivyo vyekundu vinafaa sana kwenye kachumbari.

Baada ya hapo kazi kubwa ni maji. Tuta likikauka kisha likamwagiliwa kwa pupa, mizizi hupasuka. Likikaa kavu muda mrefu, huwa na nyuzi ngumu. Majani ya nje unaweza kuyachuma mapema, mawili kwa kila shina, bila kugusa yale ya katikati. Mizizi yenyewe huwa tayari kati ya miezi miwili na mitatu tangu kupanda, na ni bora kuing'oa ikiwa na upana wa sentimita 5 hadi 8, ingali laini na tamu.

Siku ya kuvuna, tenganisha majani na mzizi mara moja, kwa maana majani huendelea kuvuta maji kutoka kwenye mzizi na kuunyong'onyeza. Bakiza kipande cha bua chenye urefu wa sentimita 2 au 3, usikate mkia wala kumenya ganda, kisha chemsha taratibu hadi kisu kiingie bila kushurutishwa. Mzizi uliomenywa kabla ya kupikwa humwaga rangi yake yote kwenye maji, ilhali uliopikwa na ganda lake huvuliwa kwa vidole tu ukishapoa. Ukate vipande, utie ndimu, chumvi na kitunguu maji kilichokatwa vyembamba. Ndimu huifanya ile rangi ing'ae. Magadi usiyatie hata kidogo, kwani huiharibu na kuigeuza kuwa ya kahawia.

Majani nayo huyapika kwa tui. Mabua hukatwa na kutangulia kikaangoni pamoja na kitunguu na nyanya, kwa sababu huchelewa kuiva. Majani hufuata, kisha tui zito, na chungu hakifunikwi muda mrefu. Tui hugeuka rangi ya waridi, jambo linalowafurahisha watoto, na mboga hii huliwa na ugali.

Juisi ya bitiruti imepata sifa mijini kwamba inaongeza damu, na hapo nataka tuwe waangalifu. Mzizi una foleti (aina ya vitamini B) ya kutosha, lakini madini ya chuma ni kidogo, chini ya miligramu 1 kwa kila gramu 100, wakati majani mabichi yana zaidi ya maradufu ya kiasi hicho, ingawa oksaleti zilizomo humo, yaani chumvi za asili za mmea, huenda zikazuia sehemu yake isifyonzwe mwilini. Mwenye upungufu wa damu aende kupima hospitalini, asitegemee bilauri ya juisi. Aliyewahi kuugua mawe ya figo naye ale bitiruti kwa kiasi, hasa majani, kwa sababu ya oksaleti hizo hizo. Mkojo kuwa mwekundu baada ya mlo huo hutokea kwa baadhi ya watu na hauna madhara. Ni rangi ya mboga tu inayopita, ila ikiendelea siku kadhaa bila kula bitiruti, muone daktari.