Nilivyogeuzwa namba 3 Kakamega

Watu wakiniuliza kuhama timu ya raga kulikuwaje wanadhani nitaongea juu ya mvua ya Kakamega ama kuacha watu wa nyumbani, kumbe kitu kilinisumbua kabisa ni bega la kushoto.

Nilikuwa nimetoka Nakuru RFC, hao wanaitwa Wanyore kwa jina la utani, walibeba Kenya Cup, ile ligi kuu ya raga, 2013 na 2014, na mimi namba 1 tangu shule, yaani yule wa kushoto kwa mstari wa mbele, sijui kitu ingine. Kabras, timu ya Kakamega, wakachukua yao ya kwanza 2016, kwa hivyo waliponipigia simu mwaka uliofuata sikuuliza maswali mengi. Nikapanda matatu ya Kisumu, nikabadilisha huko, nikaona lile jiwe la Ilesi linalolia, basi nimefika.

Mazoezi ya kwanza pale Showground kochi akaniangalia juu mpaka chini. "Kijana, namba moja tuko nao. Wewe utaingia tatu." Nikasema sawa kochi. Ungesema nini na bado begi iko mlangoni?

Sasa mtu hajawahi kuingia skramu, pale timu mbili zinainama na kusukumana kugombania mpira, anaona wale wawili wa pembeni mbele, namba 1 na namba 3, ni kitu kimoja tu. Zii. Namba 1 anatumia bega la kulia, la kushoto liko nje linapumua. Namba 3 mabega yote mawili yako kazini, kichwa kiko katikati ya namba 1 na namba 2 wa wapinzani, wote wawili wanakukalia, na huku nyuma loki wako, yule wa mstari wa pili, anakusukuma hajali. Kama timu yako ndiyo inaweka mpira na wewe ukirudi nyuma, skramu yote imerudi, na lawama ni yako.

Kulikuwa kumenyesha, nyasi inateleza, na upande ule mwingine wakaniwekea jamaa mmoja wa siku nyingi, namba 1, kila mtu anamuita Mzee. Krauchi, baindi, seti, zile amri za kuingia skramu, nikajipata nimelala kwa matope. Mara ya pili hivyo hivyo. Ya tatu shingo ikalia na nikasikia watu wakicheka huko kwa mabeki, na mabeki nao sijui huwa wanacheka nini, hawajawahi kuingia humo.

Mzee akaniinua kwa jezi. "Inua kiwiko cha kulia, ndugu yangu. Ukikishusha nitakuvuta chini mpaka giza. Na miguu usinilete karibu hivyo, irudishe." Alikuwa na roho safi, ingawa pia alijua jezi yake siitaki tena.

Nikainua kiwiko, nikarudisha miguu. Bado alinisukuma lakini tulibaki juu, na hiyo yenyewe ilinitosha siku hiyo. Usiku nilishindwa kulalia upande wa kushoto.

Wiki kadhaa baadaye listi ya Jumamosi ikasomwa, mimi 18. Mtu wa raga anaelewa, hiyo ni namba 3 wa benchi, 17 ndiye wa upande wangu wa zamani. Nikapigia mama Nakuru.

"Umepangwa?"

"Eeh mama, nimepewa 18."

"Na huku ulikuwa unavaa ngapi?"

"Moja."

"Ai, si basi umepanda!"

Nikamwambia eeh mama, nimepanda.