Gelai na Shengena za chuma

Leo Meru umejitokeza wazi baada ya siku nne za mawingu, na mawazo yangu yakakimbilia Nairobi, kwenye makumbusho ya reli niliyoyatembelea mwezi uliopita.

Nilikwenda kuziona Garratt, magarimoshi ambayo babu, aliyefanya kazi relwe Moshi, alitusimulia tangu tukiwa wadogo. Nikasogelea moja kusoma bamba la jina: Mount Gelai. Gelai! Mlima wa mkoani kwetu, ule ulioinamia Ziwa Natron. Nyingine iliandikwa Mount Shengena, mlima wa Upareni, kule Same.

Garratt hizi ni za aina iliyoitwa daraja la 59, na ziliundwa 34, mwaka 1955 na 1956, katika kiwanda cha Beyer, Peacock kilichokuwa Gorton, Manchester, tangu 1854. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Meru nayo ilikuwemo, namba 5903. Leo zimebaki hizo mbili tu, na zote mbili zina milima ya huku kwetu.

Nilizunguka Gelai mara tatu. Boila iko katikati, imebebwa na injini mbili, moja mbele na moja nyuma, kila moja na magurudumu yake. Ndiyo maana jitu la tani 252 liliweza kujipinda konani kwenye reli ya upana wa mita moja. Nikashika mtaimbo unaounganisha magurudumu. Ulikuwa wa baridi, mnene kuliko mkono wangu, na kiganja kikatoka cheusi.

Jioni nikampigia babu.

"Hizo zilikuwa za Mombasa na Nairobi, mjukuu wangu. Reli yetu isingezibeba, nzito mno."

Kumbe Meru ile ilifanya kazi hadi ikaisha bila kuuona Meru. Hilo linaniuma hadi leo. Nawafikiria pia mafundi wa Gorton waliosubu herufi za milima wasiyowahi kuiona. Kiwanda chao kilifungwa 1966, miaka kumi tu baada ya kutuletea hizi.

Babu alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Wanaipaka mafuta?"

Nikamwambia kiganja changu bado kina grisi. Akacheka, akaniambia nisiharakishe kunawa.