Frascati, Mbele ya Atlas wa Falda

Treni ya kutoka Roma huchukua kama nusu saa kupanda vilima hadi mji wa Frascati, na njia nzima nilikuwa nikiitazama nakala ya chapa, yaani picha iliyochapwa kwenye karatasi, ya Giovanni Battista Falda, msanii wa karne ya 17 aliyechora chemchemi za Roma na za majumba ya Frascati kwenye mabamba ya shaba. Inaonyesha ukumbi wa maji wa jumba la Villa Aldobrandini: ukuta wa nusu duara wenye vidaka vitano (mashimo ya kuwekea sanamu), Atlas, jitu la hadithi za Kigiriki lililobeba mbingu, akiwa katika kidaka cha kati na tufe mabegani, na juu yake maporomoko yanayoshuka ngazi kwa ngazi kutoka kwenye nguzo mbili.

Nilipousogelea ukuta wenyewe, nguzo hizo zilinipotea, kwa maana ukuta ni mrefu na unaficha mteremko wote ulio nyuma yake. Nilipanda juu kuzitafuta. Kila nguzo imezungushiwa mfereji mwembamba uliotengenezwa ili maji yashuke yakiizunguka kabla ya kuelekea kwenye maporomoko. Wataalamu huziita Nguzo za Hercules, na Hercules, shujaa wa hadithi hizo za Kigiriki, ndiye aliyewahi kumpokea Atlas mzigo wa mbingu. Hapo maana ya bustani inafunguka: Atlas ni Papa Klementi VIII wa ukoo wa Aldobrandini, na Hercules, msaidizi wake, ni mtoto wa ndugu wa Papa, Kadinali Pietro, mwenye jumba.

Maandishi ya Kilatini yaliyochongwa juu ya vidaka yanautaja mji wa Ferrara, uliorudi chini ya mamlaka ya Papa mwaka 1598, na maji yaliyovutwa kutoka mlima Algido, kisha yanaeleza kwamba Kadinali alijenga hapa ili kupunguza mzigo wa shughuli za mjini Roma. Nilisisimka kuyaona maneno hayo juu ya Atlas, ambaye mgongo wake umeinama kwa mzigo wa jiwe.

Nikairudia chapa kwa heshima zaidi. Wale watu wadogo waliochorwa chini, karibu na ukuta, wasingeweza kuziona nguzo kutoka pale waliposimama. Msanifu majengo Giacomo della Porta na waliomfuata walipanga nguzo, maporomoko, Atlas na jumba katika mstari mmoja, ili mandhari yote yaonekane kutoka ghorofa za juu, na Falda akampa yeyote aliyenunua karatasi yake nafasi ya kutazama kama Kadinali akiwa dirishani.