Ile Amina Niliyoitikia Kiwanjani

Tumerudi juzi usiku. Mwili umefika, moyo bado uko kule. Daftari langu la safari liko hapa mezani, kurasa zake mbili zimegandana kwa chai iliyomwagika ndani ya ndege. Nimeona niandike leo, kabla sijaanza kuisimulia safari hii kanisani, kwa sababu najua ushuhuda ukishasimuliwa mara tatu huanza kunyooka wenyewe. Huu sitaki unyooke.

Tulikuwa saba. Huduma ilikuwa ya siku tisa, ng'ambo, kwa ndege mbili. Kanisa wenyeji lilituomba mambo mawili: kuwafundisha walimu wao wa shule ya Jumapili, na kuwapelekea wazee miwani ya kusomea ili kila mwenye Biblia yake aweze kuisoma bila kumsubiri mtoto atoke shule. Mimi nilikuwa mratibu. Viza, bima, orodha ya mizigo, tikiti, vyote vilipita mikononi mwangu.

Ndege ya kwanza ilichelewa kuruka kwa zaidi ya saa nne. Tulikwisha kupanda, tukakaa na mikanda tumefunga, kisha tukatangaziwa kuwa kuna hitilafu na mafundi wanaishughulikia. Tulipotua mahali pa kubadilishia ndege, ile ya pili ilikuwa imeondoka.

Kama tungekuwa na tikiti moja ya safari nzima, shirika lingekuwa na wajibu wa kututafutia nafasi nyingine. Yetu hazikuwa hivyo. Zilikuwa tikiti mbili, za mashirika mawili yasiyohusiana, na kwa hilo la pili sisi tulikuwa abiria ambao hawakutokea. Nafasi zetu zilikuwa zimekwenda, za kurudi zikiwa hatarini pia. Nilizinunua hivyo mimi. Jumla yake ilikuwa ndogo kuliko ya tikiti moja, na fedha ile ilikuwa sadaka za watu, wengine wametoa huku najua hawana. Wakala alinionya. Alisema, "Mratibu, ndege ya kwanza ikichelewa hamna pa kushika." Nikajibu kwamba tumeacha saa tatu katikati, na Bwana atatutangulia.

Basi tukasimama kwa duara karibu na nguzo, mizigo ya mkononi katikati yetu, tukashikana mikono. Dada mmoja katika timu, mwombaji kwelikweli, akatuongoza. Aliomba kwa machozi. Alimkemea Shetani aliyeinuka kuzuia kazi ya Mungu, akavunja hila zote za adui juu ya safari yetu. Sote tukaitikia Amina, na yangu ilisikika kuliko za wengine. Nilijua, wakati ulimi unaitamka, kwamba aliyetufikisha pale ni mimi.

Usiku ule tulilala chini. Yaani wenzangu walilala. Taa za kiwanja hazizimwi, na kila baada ya muda mashine ya kusafisha sakafu ilipita na mlio wake, tukakunja miguu, ikaenda, ikarudi. Mama mmoja wa timu alikuwa amelala ubavu, kiganja kimoja chini ya shavu, kingine kimeshika mkanda wa begi lake hata usingizini. Nilimwangalia muda mrefu. Ana umri wa mama yangu. Magoti yake yanamsumbua, naye alikuja kwa sababu mimi nilimhakikishia kwamba safari haina taabu.

Nikafungua Matendo ya Mitume, sura ya 16. Kila aliyewahi kwenda misheni anaijua. Paulo na wenzake wanakatazwa na Roho Mtakatifu kulihubiri neno katika Asia, wanajaribu kwenda Bithinia, hawaruhusiwi, wanateremkia Troa, na hapo usiku anamwona mtu wa Makedonia akimsihi avuke akawasaidie. Nilitaka kwetu kuwe vile. Nilitaka mlango uliofungwa na Mungu, na maono yanayofuata.

Lakini Paulo huyohuyo anawaandikia Wathesalonike kwamba alitaka kuwaendea, si mara moja, Shetani akamzuia. Na Warumi anawaambia jambo la tatu kabisa: alizuiliwa mara nyingi asifike kwao kwa kuwa alikuwa na kazi ya kuhubiri mahali ambapo jina la Kristo halijatajwa. Mtu mmoja, vizuizi vitatu, na kila kimoja anakipa jina lake. Hachanganyi. Mimi nilikuwa na jina moja tu la kila kinachokwama, na lilikuwa jina linalonitoa lawamani.

Nikaendelea mpaka sura ya 27. Nimeihubiri sura ile, kwa hiyo naona aibu kusema kwamba sikuwahi kuisoma hivi. Majira ya kusafiri baharini yalikuwa yamepita. Paulo akawaonya kwamba safari itakuwa na madhara na hasara nyingi. Akida, yule afisa wa jeshi aliyewasimamia wafungwa, Paulo akiwa mmoja wao, akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu. Bandari waliyokuwapo haikufaa kukaa wakati wa baridi, sababu ambayo hata mimi ningeikubali. Kisha upepo wa kusini ukaanza kuvuma kidogo, wakadhani wamepata walichokitaka, wakang'oa nanga. Dhoruba iliwapiga hata usiku wa 14. Ile haikuwa hila ya adui, wala haikuwa Roho akifunga mlango. Yalikuwa maamuzi ya watu wenye uzoefu, waliokuwa na hoja nzuri, walioonywa.

Bei ile ya tikiti ndiyo iliyokuwa upepo wangu wa kusini.

Na humohumo merikebuni, katika safari ambayo haikupaswa kufanyika, malaika wa Mungu akasimama karibu na Paulo usiku. Watu 276 wakaokoka wote, wengine kwa kuogelea, wengine juu ya mbao za chombo kilichovunjika, wakajikuta Malta. Paulo hakuficha. Aliwaambia mbele ya wote kwamba iliwapasa kumsikiliza, na katika maneno yaleyale akawaambia wajipe moyo. Nilikaa na hilo mpaka kukapambazuka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuambiwa yote mawili kwa pumzi moja.

Alfajiri nikamfuata Mchungaji kwenye mabomba, mswaki ukiwa bado mdomoni mwake, nikamweleza habari za wakala na onyo lake. Alisukutua, akajifuta uso, akakaa kimya kwa muda ulionitisha. Akasema, "Waambie wenzako. Ila anza na dada yule aliyeomba."

Nilimwambia. Nilidhani atakasirika, au atanifariji, na sikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Alinitazama tu, kisha akasema, "Basi leo tuombe tena, ndugu yangu. Jana sikujua ninachokiombea." Safari hii maombi yake yalikuwa mafupi. Alimshukuru Mungu kwa ukweli na akaomba njia. Nilipoitikia Amina, sauti ilinitoka kwa shida.

Njia yenyewe ilichukua siku mbili. Wawili kati yetu walitoa akiba zao, fedha ya dharura ya timu ikaishia hapo, tukanunua tikiti upya. Kaunta nako dada mwingine nusura abaki, kwa sababu kadi yake ya homa ya manjano ina zaidi ya miaka kumi na mhudumu alisema muda wake umekwisha. Tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaitambua chanjo ile kwa maisha yote ya mtu, lakini ilibidi mhudumu aende akamwulize mkubwa wake huku foleni nyuma yetu ikiguna. Alirudi, akampitisha.

Tulifika sisi, mizigo haikufika. Mkanda ulizunguka mpaka likabaki begi moja la mtu asiyejulikana, kisha ukasimama. Tukajaza fomu, tukaandika rangi na ukubwa wa kila begi, tukaonyesha vipande vya tagi. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, mzigo uliosajiliwa ukichelewa, na shirika lisipokiri kwamba umepotea, msafiri hana budi kungoja hadi siku 21 zipite ndipo aweze kuudai kama uliopotea. Mwenye safari, usitupe kile kipande cha karatasi wanachokubandikia nyuma ya pasi ya kupandia ndege. Ndicho ushahidi wako.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijui kulisimulia.

Walimu 12 wa shule ya Jumapili walikuwa wamekuja kutoka mbali siku ile tuliyoahidi. Wengine walianza safari usiku. Walitungoja siku ile, wakalala kanisani, wakatungoja hadi mchana wa siku ya pili. Kisha wakaondoka, maana wana watoto, wana kazi. Tulipofika, mzee wa kanisa aliwatafuta mmoja mmoja. Watano wakaweza kurudi. Saba hawakuweza. Katika ukumbi tulikuta jina la kila mmoja limeandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa kwenye kiti chake, na viti saba vilikaa hivyo mpaka siku ya mwisho, kwa sababu hakuna aliyepata moyo wa kuviondoa.

Najua nitakachoulizwa nyumbani. Nitaulizwa Mungu alikuwa na makusudi gani. Na ninao mfano tayari, wa kwetu kabisa, ambao nimeutumia mara nyingi. Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alitaka kuwafikia Waoromo kupitia Ethiopia, njia ile ikafungwa, ndipo mwaka 1844 akaja Mombasa, akaanza kutafsiri Maandiko kwa Kiswahili, na kamusi yake ikachapishwa mwaka 1882. Nilizoea kusema: mnaona? Mungu alifunga kule ili sisi tupate huku. Nilikuwa naliruka jambo moja. Mwaka huohuo wa 1844, miezi michache tu baada ya kufika, alimzika mkewe Rosine na binti yao mchanga. Lugha hii ninayoandikia ilifaidika na kazi yake, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini sitathubutu tena kulitamka lile "ili" kwa wepesi niliokuwa nalitamka nalo. Krapf angeniuliza mimi hesabu hiyo inalinganaje, nisingekuwa na jibu.

Hata Paulo aliwaandikia Warumi kwamba anakwenda Hispania. Alikuwa na mpango kamili, apitie kwao, wamsindikize. Kitabu cha Matendo kinamwacha Rumi, katika nyumba aliyoipanga mwenyewe, na Hispania haitajwi humo kabisa.

Kwa hiyo tulikuwa na walimu watano, hatuna picha za kufundishia, hatuna miwani. Tulifundisha kwa midomo. Mchana tuliwatembelea wazee mikono mitupu. Mama mmoja mzee sana alikuwa na mjukuu wake wa miaka kama kumi, akamwambia amsomee kitabu cha Ruthu, chote. Ni sura nne tu. Kijana mkalimani aliniinamia akininong'oneza mpaka akachoka, nami nikamwambia aache, nikasikiliza tu sauti. Katikati ya sura ya pili mama yule aliinua kidole. Mtoto akasimama. Mkalimani akanieleza: ameruka mstari. Alikuwa ameishika Biblia yake kichwani kwa miaka yote ambayo macho yalimkatalia. Mimi niliyekuja kumletea uwezo wa kusoma nilikaa mbele yake, miwani yangu mwenyewe mfukoni, nikiwa sijui Ruthu sura ya pili ina mistari mingapi.

Mabegi sita yalifika siku ya sita ya huduma. La saba, lenye picha za watoto, bado. Siku iliyofuata tulirudi kwa yule mama mzee. Tulianza na miwani ya nguvu ya 1.00, akatikisa kichwa, 1.50, 2.00. Kwa 2.50 alinyamaza. Hakuitazama Biblia kwanza. Alitazama ukingo wa mkono wa gauni lake, aliokuwa ameushona mwenyewe kwa kupapasa, akaufuata ule ushoni kwa ukucha wa kidole gumba, polepole, mahali uzi ulipopinda na mahali uliporudiwa. Ndipo akaomba kitabu. Akasoma kwa sauti, akichelewa kwenye kila neno, na mjukuu alipotaka kumsaidia alimshika mkono, asimsaidie.

Nililia, sitaficha. Na hata nikilia nilikuwa naviona vile viti.

Jumapili nimepangiwa dakika kumi za ushuhuda. Nimeandika ukurasa mmoja mpaka sasa. Juu kabisa nimeweka majina ya wale walimu saba ambao hatukuwakuta. Niliyakumbuka sita. Nimemwandikia mzee wa kanisa kumwuliza la saba, naye amenijibu asubuhi hii kwamba karatasi bado ziko vitini, atakwenda kutazama.