Mumiani wa Hombolo

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Dodoma tulipoamua, vijana watano, kutengeneza filamu ya Drakula, yule mnyonya damu wa hadithi za Ulaya, isiyo na neno hata moja. Wachezaji wacheze, ngoma ipigwe, basi. Chanzo kilikuwa flashi aliyokuja nayo mwenzetu mmoja, yenye filamu ya Mkanada Guy Maddin ya mwaka 2002. Humo wachezaji wa baleti kutoka Winnipeg wanaicheza riwaya ya Bram Stoker kwa muziki wa Mahler. Picha ni nyeusi na nyeupe kama za zamani, maneno yanaandikwa kwenye kioo, ila damu imeachwa nyekundu. Hiyo damu ilininyima usingizi.

Baleti hatukuijua. Tulikuwa na kijana mrefu wa Tanga aliyewahi kucheza sarakasi, na kina mama wa muheme, ngoma ya Kigogo. Joho la Drakula tulilipata kwa kushona kaniki mbili pamoja. Damu tulijaribu mvinyo, ukawa mwepesi (na nusu yake ilinyweka kabla ya mazoezi), tukaishia kuchemsha rozela mpaka ikawa nzito. Taa hatukuwa nazo. Nikawaambia wenzangu kwamba hata Nosferatu, filamu ya Drakula ya 1922, usiku wake mwingi ulipigwa mchana, ukapakwa bluu baadaye. Tukaenda Hombolo, kwenye mashamba ya zabibu nje ya mji wa Dodoma, saa tisa alasiri.

Kina mama wakabana ngoma zao mapajani, wakaanza. Jamaa akainuka taratibu katikati ya mizabibu, kaniki inapepea, akamwinamia binti shingoni. Nilikuwa nimebandika jicho kwenye kamera, hivyo sikumwona mtoto mchunga mbuzi. Nilimsikia tu: "Mumiani!" Akatimua mbio, mbuzi akawaacha palepale.

Haikuchukua muda, wanaume sita wakaja na fimbo. Mumiani si mzaha. Tangu enzi za mkoloni watu wanasimuliana habari za wanyonya damu wanaopita usiku na magari. Na mtu wetu alikuwa amesimama pale, rozela inamchuruzika kidevuni. Kiongozi wetu akaanza kueleza habari za sanaa na ubunifu, akazidi kuharibu. Aliyetuokoa ni bibi mmoja mpiga ngoma. Hata hakuinuka. Alisema maneno machache ya Kigogo, wale wanaume wakacheka hadi wakakaa chini. Mpaka leo hajatutafsiria.

Kisha akatugeukia.

"Na nyie wajukuu zangu, huyo akija kweli tunakimbia. Nani atabaki anapiga ngoma?"

Tukarudia. Safari hii jamaa alipoinama, ngoma zilikatika moja baada ya nyingine, ukabaki upepo kwenye majani. Jasho lilinitoka, na mimi ndiye niliyeichemsha ile damu.

Ukiitazama filamu yetu vizuri, kwenye kona ya kushoto utawaona wale mbuzi wanatafuna mizabibu. Mwenye shamba tulimlipa kwa hela yetu ya kula.